Kula Kwenye Majumba ya Mji Mkongwe: Nani Anakaribishwa Mezani?

Ngazi za hoteli ya Emerson on Hurumzi, Mji Mkongwe wa Unguja, ni za mbao, nyembamba, na zimesimama wima kiasi kwamba mwenye magoti mabovu huanza kulalamika akiwa bado ghorofa ya pili. Ukifika juu, malalamiko yanakwisha. Unavua viatu, unakaa chini kwenye zulia na mito, na mji mzima uko mbele ya macho yako: mabati yaliyoshika kutu, minara ya misikiti, kilele cha hekalu la Kihindu lililo jirani, minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Joseph, na bahari nyuma ya vyote. Jua linapozama adhana inasikika msikiti mmoja, kisha wa pili, kisha inatoka pande zote. Hapo ndipo chakula kinapoanza kuletwa.

Napenda kula nje, na zaidi napenda kula ndani ya nyumba za zamani. Makumbusho hukuambia usiguse. Mkahawani unaegemea ukuta ule ule walioegemea wenye nyumba miaka mia moja na thelathini iliyopita, mkono wako unapita juu ya mbao za mlango, mtoto wako anapiga mbio kwenye baraza, na hakuna mlinzi wa kukukemea. Nyumba inatumika kwa kazi iliyojengewa, yaani watu kukaa, kula na kuzungumza. Kwa imani yangu, hakuna njia bora ya kumfanya mtu aipende nyumba ya kale kuliko kumlisha vizuri ndani yake.

Ila kila nikila kwenye majumba haya nabaki na swali moja, na ndilo lililonifanya nikae niandike. Nani anakaribishwa?

Nianze na hiyo hiyo nyumba ya Hurumzi. Ilikuwa ya Tharia Topan, Khoja wa Ismailia kutoka Kutch, India, aliyefika Unguja akiwa kijana na kupanda mpaka akawa mkuu wa forodha wa Sultan Barghash, na mmoja wa matajiri wakubwa wa pwani yote. Ushuru wa karafuu na pembe za ndovu ulipitia mikononi mwake. Ndiye aliyeanzisha ujenzi wa lile jumba la roshani za kuchonga lililopo Mizingani, ambalo wengi tunaliita Old Dispensary. Jiwe la msingi liliwekwa 1887 kwa jubilei ya Malkia Victoria, na mwenyewe akafariki 1891 kabla halijakamilika. Mmarekani Emerson Skeens, aliyehamia Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufariki 2014, ndiye aliyeigeuza nyumba ya Hurumzi kuwa hoteli, na ile meza ya juu ya paa ni urithi wake.

Kuna na jambo jingine. Aprili 1897, Sultan Hamoud bin Mohammed, akisukumwa na Waingereza, alitia saini amri ya kuondoa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Wenye watumwa walilipwa fidia kwa mali yao iliyopotea. Waliokuwa watumwa hawakulipwa kitu, na masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Wenyeji husimulia kwamba ni katika jumba hilo la Hurumzi ambamo shughuli za kuwaachia huru ziliendeshwa. Watu walipandishwa mbele ya afisa, mwenye mtumwa akaondoka na pesa, na aliyekuwa mtumwa akaondoka na karatasi.

Mimi sioni ubaya kula mahali hapo. Nyumba zote kubwa za Mji Mkongwe zimejengwa na fedha ya aina hiyo, na mtu akisema hatakula penye historia ya uchungu, basi Unguja atakufa njaa. Ninachotaka ni mlaji aambiwe. Orodha ya vyakula ina nafasi ya mistari kumi. Kama kuna nafasi ya kueleza kwamba pweza amepikwa kwa nazi na ukwaju, ipo nafasi ya kueleza nani alipanda ngazi hizi kabla yetu, na kwa shida gani.

*

Kabla ya kwenda mbali, niseme kidogo juu ya nyumba zenyewe, kwa sababu watu wengi hula ndani yake bila kutazama juu.

Tazama dari. Utaona boriti za mikoko zimepangwa moja baada ya nyingine, na juu yake mawe na chokaa. Mti wa mkoko hautoi boriti ndefu. Fundi wa zamani alikuwa na mita tatu hivi za kuchezea, na hapo ndipo upana wa chumba ulipoamuliwa. Akitaka chumba kikubwa, anakirefusha tu, hawezi kukipanua. Ndiyo maana ukila katika nyumba za Mji Mkongwe meza zimepangwa mstari mmoja, mhudumu anapita ubavu ubavu, na unasikia mazungumzo ya jirani hata kama hutaki. Wageni hudhani ni ubanifu wa mwenye mkahawa. Aliyeamua ni mkoko.

Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na unene wake ni nusu mita au zaidi. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwa kuni, kisha kuyamwagia maji na kuyaacha yaive kwa muda mrefu. Ukuta wa namna hii unapumua. Unanyonya unyevu wakati wa masika na kuutoa jua likirudi, na ndiyo siri ya ubaridi unaoukuta ndani saa saba mchana bila kiyoyozi. Fundi asiyejua akiupaka saruji kwa nje, unyevu unakosa pa kutokea. Chumvi iliyomo kwenye mawe inasukuma lipu, lipu inabanduka, boriti zinaoza pale zinapoingia ukutani, na siku moja ya mvua dari linashuka.

Sasa weka jiko la mkahawa ndani ya nyumba hiyo. Mafuta ya kukaangia siku nzima, mvuke, maji ya kuoshea vyombo mamia kwa mamia, vyoo vipya kwenye ghorofa ambazo hazikujengewa vyoo, na tangi la maji juu ya paa. Tangi la lita elfu moja likijaa lina uzito wa tani nzima, na limekaa juu ya boriti ambazo hakuna aliyezikagua tangu babu yake fundi alipoziweka. Kisha mwenye biashara anaona walaji wote wanataka kutazama jua likizama, anaongeza sakafu ya juu kwa mbao na makuti, na kama mji hausemi kitu, anaongeza nyingine.

Nayasema haya kwa sababu naipenda mikahawa hii, na naogopa kwamba inaweza kuziua nyumba zinazoilisha. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na mji umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Sheria hazikosekani. Wanaokosekana ni mafundi wanaojua chokaa, na wenye biashara walio tayari kungoja ikauke.

*

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo. Aliyezaliwa Unguja ananielewa nikisema hivyo. Zamani kulikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha mji wa mawe na mji wa udongo, na hata baada ya maji yale kufukiwa, watu wamebaki na Darajani yao kichwani. Upande mmoja wenye majumba, upande wa pili wenye kuyafanyia kazi majumba. Bibi yangu mzaa mama alipika miaka mingi katika nyumba moja ya Shangani. Akiingia kwa mlango wa nyuma alfajiri, akitoka kwa mlango huo huo baada ya chakula cha usiku. Alikuwa akitusimulia jiko lile, ukubwa wa mbuzi wa kukunia nazi, masufuria ya shaba yaliyohitaji wanawake wawili kuyainua. Sebule ya mbele aliijua kwa kuifagia.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mambo yaligeuka. Wenye nyumba wengi, Waarabu na Wahindi, walikimbia au walinyang'anywa, na serikali ikaweka humo familia zilizotoka mashamba na Ng'ambo. Kwa mara ya kwanza watu wa aina ya bibi yangu walilala kwenye vyumba vya mbele. Lakini familia sita zilizobanana kwenye jumba moja, kila moja ikilipa kodi ndogo au kutolipa, haziwezi kununua boriti. Katika miaka ya 1970 na 1980 nyumba zilianguka, nyingine usiku na watu wakiwa ndani. Biashara ilipofunguliwa tena, wawekezaji walikuja na fedha, nyumba zikasimama upya, na familia zikahama.

Kwa hiyo siwezi kusema mikahawa na hoteli zimeuharibu mji, kwa sababu nyumba nyingi zingekuwa vifusi leo. Wala siwezi kusema zimeuokoa tu, na kunyamaza. Waliokuwa wakilala humo wako Mwanakwerekwe na Fuoni, pembezoni mwa mji.

Niliwahi kumchukua mama yangu kwenye mkahawa mmoja wa aina hii, nyumba nzuri mno, ua wa ndani una mti wa mwarobaini na taa za vioo vya rangi. Tulikuwa tumevaa mabuibui yetu, tumejipulizia na udi. Kijana mlangoni alituamkia vizuri, "Shikamoo bi mkubwa," mama akaitikia marahaba. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, mmemfuata mgeni? Yuko chumba gani?" Hakuwa na ubaya. Katika akili yake mwanamke wa Kizanzibari anapita mlango ule ama kwa kazi ama kwa kumfuata mtu. Mama alimjibu kwa upole, "Mwanangu, tumekuja kula." Tulipewa meza, na chakula kilikuwa kizuri. Mama hakula sana. Bei zilikuwa zimeandikwa kwa dola, na kila sahani alikuwa akiibadilisha kichwani kuwa kilo za mchele.

Kijana yule simlaumu hata kidogo. Namlaumu aliyemfundisha kazi.

*

Kwa upande wa baa, jumba la kutazama ni Africa House, Shangani. Lilianza 1888 kama English Club, mahali pa Waingereza kunywa, kusoma magazeti yaliyochelewa na kulaumu joto. Mwafrika aliyeingia humo alikuwa amebeba sinia. Baada ya Mapinduzi likapewa jina lililonalo sasa, likachakaa, likakarabatiwa, na leo ile varanda yake ya juu inayotazama magharibi inajaa kila jioni. Nchi iliyofungua klabu ile imeondoka, jua limebaki pale pale, na sasa yeyote mwenye pesa ya soda anaweza kuvuta kiti. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa. Mimi sinywi pombe, naagiza tangawizi baridi, na nakaa muda mrefu kuliko wanaokunywa.

Suala la pombe katika mji wa Kiislamu lina uzito wake, na nisingependa kulipita kimyakimya. Nyumba za Mji Mkongwe zimebanana. Mkahawa, msikiti na chumba cha kulala cha mtu vinaweza kugawana ukuta mmoja. Wapo wenye hoteli waliolifikiria hilo. Tembo House, jumba la kando ya bahari ambalo sehemu yake ilikuwa ubalozi mdogo wa Marekani katika karne ya 19, haliuzi pombe, na bado wageni hawakosi. Unakula samaki wako huku ufuo ukiwa hatua chache, unakunywa maji ya ndimu, na hakuna aliyekufa kwa kiu. Napenda kulitaja kwa sababu wawekezaji hupenda kusema biashara haiwezekani bila baa.

Mfano mzito kuliko wote wa baa ya kihistoria uko mbali kidogo, Nairobi. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi 1904, reli ikiwa bado mpya, na ikawa kituo cha walowezi. Baraza yake ya mbele kwa miaka mingi iliitwa kwa jina la Lord Delamere, kiongozi wao. Tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika kwenye kituo cha polisi kilichokuwa jirani kudai Harry Thuku, mwanasiasa aliyekamatwa kwa kuwapinga wakoloni, aachiwe. Mwanamke aitwaye Muthoni Nyanjiru alisimama mbele ya wanaume na kuwaambia kama wanaogopa, wavue suruali zao wampe yeye. Polisi walifyatua risasi. Walowezi waliokuwa wakinywa kwenye baraza ya Norfolk nao walifyatua. Hesabu ya serikali ilisema waliokufa ni 21, Muthoni akiwa miongoni mwao, na Wakenya waliokuwepo walisema ni wengi zaidi ya hapo.

Niliketi hapo na rafiki yangu wa Nairobi, tukaagiza chai na sambusa. Barabara inayopita mbele ya hoteli siku hizi inaitwa Harry Thuku. Mji wenyewe umeandika jibu lake kwenye kibao cha barabara, na kila anayekuja kunywa pale lazima alitaje jina la Thuku ili dereva ajue pa kumshusha. Rafiki yangu alinyamaza kidogo, akaniambia, "Nyanya yangu hangeamini nimekaa hapa nikiuliza kama chai iko na tangawizi." Nilifikiria bibi yangu na mlango wa nyuma wa Shangani, nikaagiza sambusa nyingine.

*

Rudi Shangani, nikuonyeshe jumba jingine. Liko ufukweni, na kibao chake kinasema lilikuwa ubalozi mdogo wa Uingereza kuanzia 1841 hadi 1874. Burton, Speke, Grant na Kirk wote waliwahi kukaa humo. David Livingstone pia, na mwili wake uliwekwa hapo mwaka 1874 ukiwa njiani kurudi kwao. Kwa miaka mingi ghorofa ya chini ilikuwa mkahawa wa ufukweni wenye jina la Livingstone, meza zimewekwa mchangani chini ya taa.

Nilikula hapo zaidi ya mara moja, na kila mara nilijiuliza kwa nini jina lililoko juu ya mlango ni moja tu. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Hakufika pwani kwa miguu yake. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwenye magome na turubai, na kuubeba zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Walipita kwenye njaa, maradhi na vijiji visivyotaka maiti ipite. Katika msafara huo alikuwamo mwanamke aitwaye Halima, mpishi wa Livingstone, ambaye mzungu huyo alimsifu katika shajara zake. Walipofika pwani, afisa wa Kiingereza akaupokea mwili, akawalipa mishahara yao, na wakatawanyika.

Kama ningekuwa na mkahawa katika jumba lile, ningeuita Kwa Halima. Mwanamke aliyepika porini miaka na miaka, kwa mtama, mihogo na nyama ya kubahatisha, kwa mtu mgonjwa asiye na meno ya kutafunia, anastahili zaidi ya wote jina lake liandikwe juu ya mlango wa jiko. Nilimwambia mama wazo hilo. Akasema, "Na bibi yako je?" Nikamwambia atakuwa na jina lake kwenye pilau.

*

Wapo watakaoniambia kwamba wenyeji wana mahali pao pa kula na wageni wana pao, na hakuna tatizo. Ni kweli kwamba tunazo hoteli zetu, na ningependa kila mgeni azijue. Pale Mkunazini, Lukmaan wanakupanga foleni mbele ya vyakula vilivyowekwa wazi, unanyoosha kidole: samaki wa kupaka, ndizi za nazi, mchuzi wa pweza, chapati, maharage. Unakula umekaa karibu na dereva wa teksi na familia ya Wajerumani, na bei kwa wote ni moja. Malindi kuna Passing Show, ambako biriani ya mchana huisha mapema kwa wafanyakazi wa bandarini. Urojo mzuri hauuzwi penye kitambaa cha meza. Unaula kwenye bakuli la plastiki umekaa kwenye kibaraza cha mtu, bajia zikielea, chatine ya nazi upande mmoja na pilipili ya embe upande wa pili.

Na ukitaka kilabu kikongwe kuliko vyote, nenda Jaws Corner baada ya alasiri. Ni baraza za mawe zilizojengewa kuta za nyumba, mzee wa kahawa na dele lake la shaba juu ya mkaa, vikombe visivyo na mkono, kashata za njugu. Watu wanacheza bao, wanabishana siasa na mpira mpaka mishipa inawatoka, na anayetoka Ng'ambo anakaa sawa na mwenye nyumba. Wanawake hatukai hapo, na hilo nalo lina mjadala wake ambao siku moja nitauandikia ukurasa wake. Lakini tazama kwamba baraza ile ni sehemu ya jengo. Fundi aliyejenga nyumba aliacha ukuta utoke nje nusu mita ili mpita njia apate pa kukaa. Tajiri alijenga jumba lake, na ndani ya ramani yake akaweka nafasi ya asiye na kitu. Mikahawa mipya ya Mji Mkongwe imehifadhi milango, imehifadhi vioo vya rangi na vitanda vya besera. Baraza, ambayo ndiyo moyo wa mji huu, wengi wameiwekea vyungu vya maua na kamba.

Mwenye mkahawa akiniuliza afanye nini, nitamwambia aanze hapo. Aondoe vyungu. Aweke mzee wa kahawa barazani kwake kwa bei ya Jaws Corner, saa kumi hadi magharibi. Aweke na bei kwa shilingi, na sahani moja ya mchana ambayo mwalimu wa Ng'ambo anaweza kuilipia. Mwezi wa Ramadhani, mikahawa mingi inapofunga mchana, afungue ua wake jioni kwa futari: tambi, mihogo ya nazi, magimbi, uji wa pilipili manga, na wakaazi wa mtaa waalikwe kwanza. Na avae viatu vya fundi mara moja kwa mwaka, apande juu, achunguze boriti zinazobeba tangi lake.

*

Nyumba ninayoifikiria zaidi kwa sasa haina mkahawa. Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu pale Forodhani, ilijengwa na Sultan Barghash 1883, nguzo za chuma, roshani pande zote, ya kwanza kuwa na umeme na lifti katika sehemu hizi. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia, iliteketeza jengo jirani la Beit al-Hukm na kuliacha hili limesimama. Halafu tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini kulikarabati, sehemu kubwa ya mbele na mnara wa saa iliporomoka. Watu wawili walifariki. Nilipoona picha sikuweza kuzungumza siku ile. Watoto wa Unguja tulisoma saa kwenye mnara ule.

Kazi ya kulijenga upya inagharimu fedha nyingi, na bila shaka kuna mtu ofisini tayari anafikiria litajilipaje. Mkahawa utatajwa, kwa sababu roshani zile zinatazama Forodhani na bahari, na hakuna mahali pazuri zaidi pa kula Afrika Mashariki yote. Mimi naunga mkono, na nasema mapema ili isije kusemwa wenyeji hawakusema. Mkahawa uwepo, lakini roshani ya chini, ile inayotazamana na bustani, iachwe iwe ya kahawa, urojo na mkate wa kumimina, kwa shilingi, na mlango wake uwe huu wa mbele, ule mkubwa wa kuchongwa. Zabuni iandikwe hivyo tangu mwanzo, kwa maneno yanayoeleweka, na majina ya mafundi wawili waliofia pale yawekwe ukutani kabla meza ya kwanza haijatandikwa.